BARAZA LA FUNDI: Klachi ya Motokaa ya Marehemu Baba



Juma hili nina barua ya kijana mmoja wa kijijini, nami nimeona afadhali nimjibu hapa barazani, maana jibu lake litawafaa wengi. Anasema kwamba marehemu baba yao, aliyekuwa katekista, aliwaachia motokaa ndogo ya Volkswagen ya mwaka 1967, ile yenye mgongo kama kobe. Miaka yote hii gari hilo limempeleka mama yao kanisani kila Jumapili, kwa kuwa mama huyo anaumwa magoti na kanisa liko mbali. Sasa gari halipandi mlima. Injini yalia kwa nguvu, lakini gari lenyewe lajikokota kama konokono, na ndani mwanuka kitu kinachoungua.

Kaka yake asema, “Wewe ndiwe uliyeliua kwa kulipakia magunia ya mahindi.” Naye mdogo asema, “Ni wewe, kwa kuendesha huku umeweka mguu juu ya pedeli ya klachi.” Wametupiana maneno mpaka hawaamkiani tena. Kaka ataka gari liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mama hajafika Misani kwa Jumapili tatu. Mwisho wa barua kijana huyu aniuliza: “Fundi, tuambie, ni nani aliyeliua gari la baba?”

Mwanangu, mimi si hakimu, wala gari hilo sijaliona. Lakini naweza kuwaonyesha namna ya kulifungua, na likisha kufunguliwa litatoa ushahidi lenyewe. Sikilizeni basi, wewe na kaka yako.

Kwanza tufahamiane klachi ni nini. Ninyi nyote mmeona mashine ya kusaga unga. Mkanda ukilegea, injini huimba vizuri, lakini jiwe halizunguki na unga hautoki. Klachi ni kama mkanda huo. Kwenye injini, upande unaoelekea giaboksi, kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili. Juu yake hukaa sahani yenye vitambaa vigumu pande zote mbili, nayo ni klachi pleti. Juu ya hiyo tena hukaa presha pleti, ambayo kwa nguvu za springi zake huibana sahani ile kwenye flaiwili. Ikibanwa sawasawa, nguvu ya injini hupita kwenda kwenye giaboksi na magurudumu. Ukikanyaga pedeli, springi huachia, na injini huzunguka peke yake mpaka umetia gia. Sahani ikiwa imelika, au imelowa oili, au haibanwi vizuri, huteleza. Kule kuteleza ndiko kunakoleta harufu ya kuungua.

Sasa, kabla ya kununua kitu cho chote, jaribuni mambo mawili yasiyo na gharama.

Jambo la kwanza, bonyezeni pedeli ya klachi kwa mkono, polepole. Mwanzoni yapasa kushuka kwa wepesi kiasi cha milimita 10 hadi 20 kabla ya kuwa nzito. Hiyo ndiyo nafasi yake. Kama hakuna nafasi hata kidogo, waya wa klachi umekazwa mno, na gari laendeshwa kana kwamba mtu amekanyaga pedeli mchana kutwa. Waya huo hupita katikati ya sakafu hadi mkono mdogo wa chuma ulio upande wa kushoto wa giaboksi, na mwisho wake una nati yenye masikio. Zungusheni nati hiyo kidogo kidogo mpaka nafasi ipatikane. Naam, nimeona watu wakitoa injini nzima kwa sababu ya nati moja ambayo ingezungushwa kwa vidole.

Jambo la pili, kwenye uwanja tambarare usio na watoto wala mifugo mbele yake, vuteni breki ya mkono kwa nguvu, washeni injini, tieni gia ya nne, kisha achieni pedeli taratibu huku mkiongeza moto kidogo. Injini ikizimika, klachi yashika. Ikiendelea kunguruma na gari limesimama pale pale, klachi yateleza. Fanyeni mara moja tu, maana kila mara mnazidi kuiunguza.

Ikiwa nafasi ya pedeli ni sawa na klachi bado yateleza, basi hakuna njia nyingine ila kutoa injini. Msiogope. Katika Volkswagen hii injini iko nyuma, haina rejeta wala maji, nayo imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti na nati nne tu. Uzito wake ni kama kilo 110, yaani kama gunia kubwa la mahindi. Watu wawili wenye saburi, wakiwa na jeki nzuri, waweza kuitoa asubuhi moja.

Lakini tafadhali, wanangu, angalieni gari mnaliegemeza juu ya nini. Nyuma yake huinuliwa juu, bampa likae kiasi cha sentimita 90 kutoka chini, ili injini ipite. Msiliweke juu ya mawe yaliyopangwa, wala juu ya matofali, maana tofali hupasuka ghafula bila kutoa habari. Wekeni magogo mapana ya mti mgumu, yaliyokatwa sawa, au stendi za chuma, na kuzuia magurudumu ya mbele kwa vipande vya mbao. Kabla ya mtu ye yote kuingia chini, litikiseni gari kwa nguvu. Nguo za msiba ni ghali kuliko stendi mbili.

Kisha fuateni utaratibu huu. Fungueni waya wa betri, ambayo iko chini ya kiti cha nyuma. Toeni chujio la hewa. Ondoeni nyaya za dinamo, za koili, za kabureta na ule mmoja wa presha ya oili, na kila waya uufunge kipande cha kitambaa chenye alama, msije mkabishana jioni. Fungueni waya wa akseleta kwenye kabureta. Ondoeni kile kibati cha nyuma ya injini. Chini ya gari fungueni nyaya mbili na mipira miwili ya hewa ya moto, kisha mpira wa petroli. Tangi la petroli liko mbele, na petroli yaweza kuja yenyewe, kwa hiyo zibeni mpira huo mara moja kwa bolti safi. Mtu asivute sigara karibu, wala taa ya moto isiletwe.

Sasa jeki iwekwe chini ya injini, ndipo mfungue zile nati. Mbili za chini hufikiwa kutoka chini bila taabu. Lakini ile bolti ya juu upande wa kulia, ambayo pia hushika stata, ina hila zake. Kichwa chake kiko chini ya gari, na nati yake iko juu, nyuma ya kibati cha feni. Katika magari mengi ya miaka ile mmoja hana budi kulala chini na spana yake, na mwingine kuinama juu ya injini na kupitisha mkono mahali asipoona, kushika nati isizunguke. Wa chini humwambia wa juu, “Umeshika?” na wa juu hujibu, “Nimeshika, zungusha.” Basi hapo, ndugu wasioamkiana, mtaamkiana mtake msitake!

Nati zote zikisha kutoka, vuteni injini nyuma kwa usawa, kama sentimita 10, mpaka ule mtaimbo wa giaboksi utoke kabisa katikati ya klachi. Injini isining’inie juu ya mtaimbo huo hata kidogo, maana hupinda na kuharibu sahani. Ikiisha kutoka, ishusheni polepole, huku mmoja akiuchomoa waya wa akseleta usikatike.

Hapo mmefika penye ushahidi. Lakini msipulize vumbi lile kwa mdomo wala kwa pampu. Klachi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto likiingia mapafuni huleta maradhi mabaya, pengine baada ya miaka mingi. Futeni kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kifukieni.

Presha pleti imefungwa kwa bolti sita. Zilegezeni kidogo kidogo kwa zamu, moja na ile inayoielekea, mpaka nguvu ya springi iishe. Mkifungua moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, pleti itapinda. Sasa ichukueni ile sahani, mwitazame nyote wawili, wala asiitazame mmoja akamwambia mwenzake.

Ikiwa kavu, imelika sawasawa mpaka vichwa vya ribiti vimekaribia kugusa chuma, hiyo ni sahani iliyofanya kazi yake ikazeeka. Hakuna wa kulaumiwa. Ikiwa kavu lakini imeungua ikawa nyeusi, na uso wa flaiwili una madoa ya rangi ya buluu na nyufa ndogo ndogo, basi imeteswa. Waliyoitesa ni mguu uliokaa juu ya pedeli, mzigo uliozidi, au dereva aliyelishika gari mlimani kwa klachi badala ya breki ya mkono. Hapo kila mmoja ajiulize moyoni mwake, na asianze na mwenzake. Lakini ikiwa imelowa oili, basi hakuna kati yenu aliyeliua gari. Ni sili iliyochoka.

Hapa niwaambie jambo langu mwenyewe, ambalo si la kujisifu.

Nilipokuwa kijana, nikifanya kazi katika gereji moja, mzee mmoja mkulima wa kahawa alituletea Volkswagen kama hii. Niliitoa injini, nikaona sahani imelowa. Sili ya nyuma ya flaiwili ilikuwa inavuja. Sili mpya haikuwapo dukani siku ile, na kuingoja kungechukua siku tatu. Mzee alikuwa amekaa nje kwenye benchi, akitaka kurudi kwake kabla ya usiku. Basi nikaifuta ile oili vizuri, nikatia sahani mpya, nikafunga. Nani angeona? Klachi hukaa katikati ya injini na giaboksi, mahali ambapo mwenye gari hapaoni kabisa. Mzee akalipa, akanishukuru, akaenda zake.

Haikupita miezi miwili, akarudi kwa miguu. Gari lilikuwa limemwacha njiani. Hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: “Mwanangu, ulijua?” Nikamjibu, “Hapana, mzee, sikujua.” Akaitikia kwa kichwa, akakaa tena kwenye benchi lile lile.

Wasomaji wangu, neno lile “hapana” lilinilalia kifuani kuliko injini. Juma zima sikulala vizuri. Mwisho nilimwendea Padre kwenye kitubio, naye akanipa malipizi, akaniambia pia kwamba haki ya mtu hurudishwa kwa mtu. Nikaenda nyumbani kwa mzee, nikamwambia kweli, na kazi ya pili nikaifanya kwa fedha yangu. Tangu siku ile, sahani nikiiona imelowa, sifungi mpaka nimejua oili yatoka wapi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi nanyi tafuteni chanzo. Oili nyeusi na nyepesi yatoka kwenye injini, kwa sili iliyo nyuma ya flaiwili. Oili nzito yenye harufu kali kama ya kibiriti yatoka kwenye giaboksi, kwa sili ndogo inayouzunguka mtaimbo. Ile ya giaboksi ni rahisi kubadili. Ile ya injini yataka kutoa flaiwili, na flaiwili imekazwa kwa nati moja kubwa ya milimita 36 ambayo ni ngumu mno. Kuikaza kwake ni kiasi cha newtoni-mita 300, yaani kama mtu wa kilo 60 aliyekaa juu ya bomba, nusu mita kutoka kwenye nati. Wekeni alama kwenye flaiwili na krenki kabla ya kuitoa, ili irudi vile vile.

Tena, nyuma ya flaiwili kuna pete tatu nyembamba za chuma. Kazi yao ni kuizuia krenki isicheze mbele na nyuma. Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.07 hadi 0.13, ambayo ni kama unene wa unywele mmoja au mbili. Krenki ikicheza zaidi ya hapo, sili mpya nayo itavuja. Pimeni kwa saa ya kupimia. Kama hamna, hii ndiyo sehemu moja ya kazi ambayo ningewashauri mwiteni fundi aliye nayo. Si aibu kumwita mtu ajuaye.

Kuhusu kununua, msiende dukani na maneno, nendeni na sahani yenyewe mkononi. Injini ndogo za zamani zilitumia sahani ya milimita 180, na za baadaye milimita 200. Ile beringi inayosukuma presha pleti nayo ilibadilishwa kwenye magari ya mwaka 1971. Ya zamani hutaka presha pleti yenye pete katikati, na mpya hutaka isiyo na pete. Mkichanganya, hamtapata amani. Nunueni sahani, presha pleti na beringi pamoja, maana injini haitolewi kila mwezi. Beringi hiyo msiioshe kwa petroli, maana grisi yake ya ndani itatoka. Na katikati ya ile nati kubwa kuna beringi ndogo ya sindano. Ipakeni grisi kidogo sana, kama punje ya harage, isije ikarushwa kwenye sahani mpya.

Kurudisha ni njia ile ile kwa kinyume. Osheni mikono kwa sabuni kabla ya kushika sahani mpya. Upande wa kitovu kinachochomoza hutazama giaboksi. Sahani hiyo yapasa kukaa katikati barabara, la sivyo mtaimbo hautaingia. Mafundi wana kifaa chake, lakini seremala wa kijiji aweza kuwachongea kijiti cha mti mgumu, ncha nyembamba iingie kwenye beringi ndogo, na sehemu nene ijae kwenye tundu la sahani. Kazeni zile bolti sita kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka newtoni-mita 25, kisha mchomoe kijiti.

Injini ikirudishwa, mtaimbo ukikataa kuingia, msivute injini kwa bolti kwa nguvu. Mmoja azungushe injini kidogo kwa puli ya feni, mwingine asukume kwa upole. Itaingia yenyewe, kama mlango uliopata ufunguo wake. Nati za injini ni newtoni-mita 30, si zaidi. Mwisho rekebisheni ile nati yenye masikio mpaka pedeli ipate nafasi yake, na mtazame waya wote kama haujaanza kukatika nyuzi.

Je, gari hili lastahili taabu yote hii? Kaka asema ni vyuma chakavu. Nami nasema, Volkswagen ya namna hii ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, mwaka 1957 na mwaka 1962, katika matope na mavumbi ya barabara zetu hizi hizi. Kiwanda cha Puebla, nchini Mexico, kilitoa ya mwisho mwezi wa Julai mwaka 2003, nayo ilikuwa ya 21,529,464. Kwa sababu zilikuwa nyingi hivyo, klachi zake zingali zikitengenezwa na kuuzwa mpaka leo. Gari la baba yenu halijafa. Limechoka mahali pamoja tu, tena mahali panapotengenezeka.

Basi, mwanangu uliyeniandikia, umeniuliza ni nani aliyeliua gari. Mpelekee kaka yako gazeti hili. Usimwambie neno la gari kwanza. Mwamkie tu, kwa kuwa yeye ni mkubwa wako. Kisha mwambie kwamba kuna nati moja nyuma ya kibati cha feni, na mikono miwili haitoshi kuifungua. Mkiisha kuiona sahani, kama ni kosa lako, sema “ni mimi.” Kama ni kosa lake, mwache aseme mwenyewe. Na kama ni sili, ombaneni radhi nyote wawili, maana mlihukumiana bure.

Na Jumapili ile gari litakapopanda mlima tena, mama akae kiti cha mbele. Magunia ya mahindi yatafutieni mkokoteni.

Ni mimi, Fundi wenu wa baraza.